Jengo B la Zahanati ya Kichangani

Msisumbuke kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Ni nchi ya visiwa, na wataalamu wake hawajakubaliana viko vingapi, kwa sababu vipo vinavyoonekana wakati wa kuhesabu kura tu. Wananchi wake ni wapole, wanacheka upesi, wanaimba vizuri kuliko majirani zao wote, na wamejaliwa viongozi wanaowapenda kiasi kwamba hawataki kabisa kuwaacha. Haya yaliyotokea yaliwapata wao, si sisi.

Katika kata iitwayo Kichangani aliishi mama mmoja, Siwatu binti Makungu. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kukaa kwenye dirisha la zahanati na kugawa namba kwa wagonjwa. Namba hizo alizikata mwenyewe kwenye maboksi ya dawa. Maboksi yalifika kila mwezi bila kukosa, hata pale dawa zilipochelewa miaka miwili.

Mumewe, Feruzi, alikuwa fundi baiskeli. Alhamisi moja asubuhi ngiri yake ilijisokota, akaanguka kati ya magurudumu, na tabibu wa zahanati, Bwana Mgeta, akasema apelekwe hospitali ya wilaya bila kuchelewa. Gari la wagonjwa lilipatikana, jambo ambalo lenyewe lilikuwa kama muujiza. Siwatu akapanda nyuma, akamshika mumewe mkono. Walipofika njia panda ya Mnarani, polisi akawanyanyulia kiganja. Barabara ilikuwa imefungwa. Mheshimiwa Daktari wa Heshima, Kanali Mstaafu, Mhandisi Pazi Kilungule, Waziri wa Afya, Barabara na Sherehe za Taifa, alikuwa anakuja kuzindua choo cha soko.

"Yuko wapi sasa hivi?" Siwatu aliuliza.

"Anakunywa chai," polisi alijibu kwa adabu. "Akimaliza atapita."

Dereva aliombwa azime king'ora, kwa kuwa king'ora cha mgonjwa kingeweza kuchanganywa na cha Mheshimiwa na kuleta usumbufu. Wakakaa. Saa tatu ikawa nne, nne ikawa tano. Feruzi alikata roho saa sita na robo, juani, akiwa amekaza macho kwenye paa la gari. Msafara wa magari thelathini na moja ulipita saa saba kasoro. Walioshuhudia uzinduzi wanasema hotuba ilikuwa nzuri na choo kilikuwa na milango.

Siku ya mazishi, ofisi ya Mheshimiwa ilileta rambirambi: bango la turubai la mita nne, lenye sura yake akicheka na dole gumba juu. Liliandikwa "NIPO PAMOJA NANYI", na chini, kwa herufi ndogo kama za chupa ya dawa, jina la marehemu: Feruji. Watu wa Kichangani walimtazama Siwatu waone atafanya nini. Hakulia. Alilikunja lile turubai akafunikia kuni, na kesho yake akarudi dirishani.

*

Miaka mitatu baadaye, wafadhili wa nchi ile waliandika barua wakilalamika kwamba wananchi hawashirikishwi. Rais, Baba Mlezi wa Visiwa Vyote, alisikitika sana. Alitokea kwenye televisheni akatangaza Wiki ya Umma Kutunga Sheria. Raia kumi wa kawaida wangechaguliwa kwa bahati nasibu, kila mmoja angetunga sheria moja, na sheria hiyo ingepita kama ilivyo, bila kuguswa hata nukta.

"Tangu uhuru," alisema Rais, "sheria zimekuwa zikitoka kwetu kwenda kwenu. Sasa zitatoka kwenu kuja kwetu. Msituonee haya."

Ili kuonyesha dhamira yake, na kwa kuwa alikuwa na safari jioni, alitia saini karatasi kumi tupu mbele ya wageni wa heshima. Walipiga makofi mpaka vinywaji vikaletwa.

Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri. Majina kumi yaliyotakiwa kushinda yalikwisha kuandikwa, na yote yalikuwa ya watu wazuri, wengi wao mashemeji. Lakini mtambo wa bahati nasibu ulichelewa bandarini. Ulifika asubuhi ya siku yenyewe, na hapakuwa na muda wa kuufundisha undugu. Mbele ya kamera, ukatema majina ya watu ambao hakuna aliyewajua. La saba lilikuwa la Siwatu binti Makungu.

Serikali haikutishika. Ilidhani wananchi wataomba mpira wa miguu uonyeshwe bure, na pengine siku moja zaidi ya mapumziko. Kwa kweli ilishangaa.

Mwalimu mmoja mstaafu alitunga kwamba mtoto wa kiongozi atasoma katika shule ambayo mzazi wake aliisifu kwenye hotuba. Hotuba za kusifu shule zikakoma wiki ileile. Fundi rangi mmoja alitunga kwamba picha ya kiongozi isibandikwe kwenye mradi wowote mpaka mradi ukamilike. Sura zikabanduliwa nchi nzima, na kwa mara ya kwanza watu wakaona kuta zilivyopasuka. Dada mmoja muuza maandazi alitunga kwamba ofisa akisema "mchakato unaendelea", asimame hapo hapo alipo mpaka mchakato uishe. Naibu waziri mmoja amesimama kwenye viwanja vya bunge hadi leo. Wanampelekea chai.

Ilipofika zamu ya Siwatu, karani wa bunge alichovya kalamu akasubiri. Siwatu hakuwa na karatasi. Maneno yake alikuwa nayo kichwani kwa miaka mitatu.

"Kiongozi yeyote akiugua," alisema, "atatibiwa katika kituo cha umma cha kata aliyojiandikishia kura, au katika hospitali ya wilaya kituo hicho kikimwandikia rufaa. Atapanga foleni. Hatapita mbele ya mtu. Akitibiwa kwingine, atapoteza cheo siku hiyo hiyo, yeye na ndugu zake wote wenye vyeo."

Karani aliacha kuandika. "Mama, hii ni sheria au ni hasira?"

"Wewe andika kwanza," Siwatu alimwambia. "Utajua baadaye."

*

Kwa muda wa miezi minane viongozi wa nchi ile walikuwa na afya njema ajabu. Hakuna aliyekohoa hadharani. Waziri mmoja alivunjika mkono kwenye ngazi akaendelea kusalimiana na wananchi kwa mkono huo huo, akitabasamu huku machozi yakimtoka. Magazeti yaliandika kwamba ameguswa na mapokezi.

Kisha Mheshimiwa Kilungule akapata mawe kwenye nyongo.

Zamani jambo hili lisingekuwa na uzito. Angepanda ndege, angelazwa katika hospitali moja ya ng'ambo, nchi ya baridi, ambako kila mgonjwa ana dirisha lake na chakula kinaletwa na kifuniko. Sasa alijikunja kitandani kama panzi, akatamka jina la hospitali ile kama mtu anayemwita mama yake. Mkewe, Bi Arafa, ambaye alikuwa Mkuu wa Mkoa kwa sifa zake mwenyewe, alimfuta jasho akamweleza hali ilivyo.

"Ukienda kutibiwa huko, mimi nashuka kitini. Mdogo wako anashuka umeya, mkwe wetu anashuka bandarini. Vumilia, baba watoto."

"Nakufa, Arafa."

"Hufi. Unaumwa."

Kata aliyojiandikishia kura Mheshimiwa ilikuwa Kichangani. Ndiyo iliyompa ubunge kwa vipindi vinne, na alikuwa akiipenda sana, ila hakuwa amefika huko tangu kampeni. Ilibidi wanasheria wa serikali waitwe. Walikaa siku mbili, wakatoka na tangazo rasmi fupi na safi: kwamba kutokana na juhudi za serikali za kusogeza huduma karibu na wananchi, ile hospitali ya ng'ambo, iliyo mwendo wa saa tisa kwa ndege, kuanzia sasa itaitwa Zahanati ya Kichangani, Jengo B.

Sheria haikuguswa hata nukta. Mheshimiwa angetibiwa katika kata yake. Ndege ndogo ya serikali ikaandaliwa iondoke Jumanne.

*

Tangazo lililetwa Kichangani Jumamosi, kwa kuwa utaratibu ulitaka libandikwe kwenye ubao wa kituo husika. Tabibu Mgeta alilibandika mwenyewe, akalisoma mara mbili.

"Mama Siwatu," alisema, "wametuongezea jengo."

Siwatu, aliyekuwa dirishani akikata namba za wiki ijayo ingawa ilikuwa siku ya kufunga, akaja kusoma. Tabibu Mgeta alikuwa ameomba paa kwa miaka sita. Alikuwa ameomba kitanda cha kuzalishia, mipira ya mikono, hata taa. Sasa amepewa jengo lenye lifti kumi na nne.

"Hili Jengo B," Siwatu aliuliza taratibu, "ni letu?"

"Limeandikwa hapa. Zahanati ya Kichangani."

"Na mtu akija na maradhi ambayo Jengo A haliyawezi?"

Tabibu alimtazama. Alikuwa mtu mwoga, mwenye watoto watano na kibarua kimoja, lakini pia alikuwa amechoka. "Kama mgonjwa hawezi kutibiwa jengo hili," alisema, "kazi yangu ni kumwandikia jengo jingine."

Siku hiyo na kesho yake hakukuwa na mapumziko. Siwatu alipita nyumba kwa nyumba. Walikuja wenye mabusha, wenye mtoto wa jicho, wanawake wenye uvimbe wa tumbo waliokwisha kuambiwa ni mimba na baadaye kuambiwa ni uzee. Tabibu Mgeta aliwapima mmoja mmoja, na hakudanganya hata cheti kimoja, kwa sababu Jengo A halikuwa hata na bomba la sindano. Kila cheti kiliandikwa: *Rufaa, Jengo B*. Kufika Jumapili jioni walikuwa mia na sitini na wanne, na kila mmoja alikuwa na namba yake ya boksi.

Jumanne saa mbili asubuhi walishuka kwenye malori mbele ya uwanja wa ndege, wakapanga foleni. Wengine walibeba mikeka. Ofisa wa uhamiaji aliwakimbilia huku akifunga vifungo vya shati.

"Mnakwenda wapi nyie wote?"

"Jengo B," Siwatu alisema.

"Mama, Jengo B liko ng'ambo. Pasi za kusafiria ziko wapi?"

Siwatu alimwonyesha tangazo. "Soma hapa. Kichangani. Mtu wa Kichangani akienda Kichangani anaonyesha pasi?"

Ofisa alisoma. Alisoma tena huku midomo ikicheza. Akaenda kumtafuta mkubwa wake, naye akaenda kumtafuta wake. Bibi Tukae, mzee wa miaka themanini mwenye ukungu kwenye macho yote mawili, aliuliza kama Jengo B lina choo. Aliambiwa lina vyoo mia tatu. Akasema huo ni utovu wa adabu.

Saa tatu Mheshimiwa aliwasili. Alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, miwani myeusi usoni, ngozi imekuwa ya njano kama embe la sokoni. Walinzi walianza kuwapangua watu, lakini waandishi wa habari walikwisha kufika, na mmoja wao alikuwa ameshika sheria mkononi. *Hatapita mbele ya mtu.* Walinzi wakarudi nyuma. Siwatu alimsogelea waziri, akampa kipande cha boksi.

Mheshimiwa alikitazama. "Mama, unajua mimi ni nani?"

"Ndiyo," Siwatu alisema. "Wewe ni wa mia na sitini na tano."

Ndege ilikuwa na viti kumi na viwili. Hesabu ilikuwa rahisi, na wanasheria waliifanya kwa simu, mara kadhaa, wakitumaini itabadilika. Ama serikali isafirishe Kichangani nzima kwa mafungu, ama iachane na jengo. Saa tano kipaza sauti cha uwanja kilikwaruza, na sauti ya kike, nyororo, ikatangaza kwamba Zahanati ya Kichangani, Jengo B, imefungwa kwa ukarabati. Wagonjwa wote wanaombwa kurejea Jengo A. Serikali inasikitika kwa usumbufu.

*

Foleni ilihamia Kichangani bila kupotea mtu. Bwana Mgeta, akijitahidi sana, aliweza kuona wagonjwa arobaini kwa siku. Mheshimiwa alikalishwa kwenye benchi lililokosa mguu mmoja, na ilibidi akaze paja ili asianguke. Jasho lilimtiririka. Alianza kulia kimya kimya, kama wanavyolia watu wanaoumwa kweli.

Siwatu alimtazama kupitia dirishani. Kisha aliinuka akaingia kwa tabibu, akafunga mlango.

"Atakufa?"

"Yule? Hapana. Nimempima alipofika. Hana homa, na jiwe halijapasua kitu. Litamuuma tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nitampima kila siku. Likibadilika nitakwambia."

"Basi." Siwatu alirudi dirishani, akakohoa kidogo. "Wa mia na sitini na tano, zamu yako itafika Jumatatu. Njoo Jumatatu."

"Leo ni Jumanne," alisema Mheshimiwa.

"Ndiyo. Jumamosi na Jumapili tunafunga. Waraka wa wizara yako umebandikwa hapo mlangoni."

Tusimsingizie Siwatu. Alikuwa amejiambia miaka yote kwamba siku hiyo ikifika atatosheka, kama mtu aliyekunywa maji. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama kula karanga. Alimwona anajikunja, akataka kumwona anajikunja tena. Alipofika nyumbani alipika, akala sahani mbili.

Mheshimiwa alikuja kila siku, akitumaini mgonjwa mmoja atakata tamaa na kuondoka. Hakuna aliyeondoka, wale walikuwa na uzoefu. Alhamisi, Bibi Tukae alimwonea huruma, akasema yuko tayari kubadilishana namba naye, ila ana swali moja. Yale maji ya bomba aliyowaahidi, yanakuja lini?

"Bibi," Mheshimiwa alijibu, kwa mazoea ya miaka ishirini, "mchakato unaendelea."

Benchi zima likamgeukia. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyekumbuka sheria ya muuza maandazi, akainuka taratibu, akashikilia ukuta. Alikuwa bado amesimama saa tisa alasiri, Bi Arafa alipowasili mwenyewe, mbio, na mafundi na mabomba. Maji yalitoka Ijumaa, ndipo akakaa; zamu ya Bibi Tukae ilikuwa imekwisha kupita. Yalikuwa na kutu kidogo.

Jumatatu tabibu alimwona, akamwandikia rufaa ya hospitali ya wilaya, chumba cha upasuaji. Mheshimiwa alifurahi, kwa sababu chumba hicho alikijua. Alikizindua yeye, mara tatu. Walipomfikisha alikuta vibao vitatu vya marumaru ukutani vyenye jina lake, utepe mwekundu uliokatwa vizuri, na ndani hakuna kitu. Kuku mmoja alitoka.

Vifaa vilipatikana kwa siku tisa. Kitanda, taa kubwa, mtaalamu wa nusu kaputi pamoja na nusu kaputi yenyewe. Hakuna aliyejua kwamba nchi ilikuwa navyo. Na kwa kuwa mbele ya waziri walikuwepo wagonjwa sita wa dharura, hao sita ndio walioanza. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo, mshona viatu, mwenye ngiri iliyojisokota asubuhi hiyo hiyo. Alitolewa baada ya dakika arobaini, akaomba uji.

Bwana Mgeta alimletea Siwatu habari hiyo dirishani, akidhani atafurahi.

"Dakika ngapi?"

"Arobaini."

Siwatu alifunga dirisha, akaenda nyuma ya zahanati ambako maboksi hutupwa. Alilia huko hadi adhuhuri, kwa sauti, na wagonjwa walisubiri bila kunung'unika.

*

Mheshimiwa alipona. Mwezi mmoja baadaye alirudi Kichangani, amekonda, hana msafara, shati limemzidi. Alipanga foleni mpaka akafika dirishani. Alivua kofia.

"Mama," alisema, "nimeulizia. Nimeambiwa habari za mumeo. Sikujua."

"Hukuuliza."

"Nimekuja kuomba radhi. Na kukuomba uzungumze na wenzako. Sheria ile imekwisha kufanya kazi yake. Wabunge wanataka kuifuta, lakini wanaogopa watu. Ukisema wewe kwamba imetosha, watu watakubali. Nimeteseka, mama. Umeniona."

"Nimekuona."

"Basi unataka nini zaidi? Unataka nife?"

Siwatu alifikiri, maana swali lilikuwa la haki na lilistahili jibu.

"Hapana," alisema mwishowe. "Nakuombea uishi. Uishi miaka mingi sana. Uzeeke hapa hapa. Magoti yaanze, halafu presha, halafu macho, halafu usikumbuke ulipoacha viatu vyako. Na kila ukiumwa, uje kwangu."

Alivuta saraka, akatoa kadi ya kliniki. Aliandika jina lake lote, pamoja na Udaktari wa Heshima, Ukanali na Uhandisi, akihakikisha hakukosea hata herufi. Alimwambia aitunze vizuri isilowe, kwa sababu kadi nyingine zimekwisha.

Mheshimiwa aliipokea kwa mikono miwili.